Mkopo Uandikwe, Nakala Itolewe

Mama lishe, dereva wa bodaboda, fundi cherehani, nawe ndugu yangu mwenye ofisi ya mikopo na leseni ukutani: wito huu ni wenu nyote.

Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha bila kupokea amana za watu yuko Daraja la Pili, na msimamizi wake ni Benki Kuu ya Tanzania. Leseni anayopewa ina kazi zake: kutunza mkataba wa kila mkopaji, kuandika kila rejesho linapoingia, na kuwasilisha taarifa Benki Kuu kwa muda uliopangwa. Wengi huiona kazi hii kero ya makaratasi. Mimi naiona ndiyo tofauti yenyewe kati ya mkopeshaji na kausha damu.

Chukua mkopo wa shilingi 200,000. Ukomo wa riba kwa Daraja la Pili ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 7,000. Sasa unaambiwa baada ya mwezi urudishe 260,000. Hizo 53,000 zilizozidi ni za nini? Ada ya fomu? Bima? Faini ya kuchelewa hata kabla hujachelewa? Kama mkataba unazitaja, mtazijadili mkiwa mezani. Kama hakuna mkataba, utabishana na mdomo wa afisa mikopo, na mdomo huo kesho una hesabu nyingine.

Kwa hiyo, mkopaji, usisaini fomu yenye nafasi zilizoachwa wazi. Dai nakala yako hapohapo. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe; ukilipa taslimu, usiondoke bila stakabadhi, hata kama anayepokea ni jirani yako wa miaka yote. (Kwa jirani ndiko tunakoona haya, na ndiko tunakoumia.) Na ukimaliza deni, omba barua inayosema umemaliza.

Nawe mkopeshaji, usimwachie karani daftari la mwaka mzima alijaze wiki ya ukaguzi. Mama aliyelipa marejesho yote kwa wakati anastahili historia hiyo isomeke atakapoomba mkopo mkubwa zaidi benki. Usipoiandika, umemfanya aonekane mgeni asiyejulikana. Zaidi ya hapo, majina na namba za simu za watu zilizo kwenye majalada yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hazikutolewa ili ndugu zao na wafanyakazi wenzao wapigiwe simu za aibu.

Wiki hii, kila mwenye mkopo apite ofisini aombe taarifa ya mkopo wake: alichokopa, alicholipa, salio. Akinyimwa, aandike malalamiko, abaki na nakala, kisha ayafikishe Benki Kuu. Matawi yako Arusha, Mwanza, Mbeya na Mtwara pia, si Dodoma na Dar es Salaam tu.