Macho Hayana Pazia

Wahenga walisema macho hayana pazia. Sasa pazia limepatikana. Mwaka 2025 Meta ilianza kuuza Marekani, kwa dola 799, miwani inayoonyesha ujumbe na ramani ndani ya kioo. Nyingine huleta sinema na michezo. Kijana mmoja hapa Shinyanga aliniambia itafaa hata kazini.

Kazi ipi, ndugu yangu? Kule Nyarugusu, Geita, nimeona mchimbaji akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, macho matupu, bila miwani ya kukinga vichembe. Na duarani, matimba yakianza kulia, anayetazama na kusikiliza ndiye atokaye. Sinema tuitazame jioni, tumeketi. Kazini tuanze na miwani ya kulinda jicho. Likishatoboka, hakuna kioo kitakachalionyesha kitu.