Pampu Haikuwa na Hatia

BARAZA LA ALHAMISI
Na Mwana wa Mutio

Jumanne iliyopita, jua likiwa limekwisha kuchachamaa juu ya mabati ya Wote, nilimkuta jirani yangu, mama mchuuzi wa maembe ambaye uaminifu wake sokoni haukupata kutiliwa shaka, ameketi ukingoni mwa barabara ya kwenda Mukuyuni kando ya Noah yake iliyosheheni makreti, machozi yakimlengalenga. Wala si kwa kuwa gari lilikuwa limezima, maana kuzima alikwisha kukuzoea, bali kwa kuwa lilizima siku moja tu baada ya fundi kumtoza shilingi 11,500 za pampu ya mafuta na kumwapia ya kwamba maradhi yamekwisha. Kabla ya pampu zilibadilishwa plagi, na kabla ya plagi filta, na kabla ya filta betri, ambayo haikuwa na ila yoyote.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wamekwisha kunong'ona, najua: "Nyundo hiyo!" Naam, ni nyundo ile ile ya kalamu yangu, na leo sitaisitiri. Fundi abadilishaye spea kabla ya kuuliza swali hatengenezi gari, anakula mali ya watu kwa jina la ufundi. Na dhuluma hiyo imekuwa ada katika miji yetu kwa sababu sisi wenyewe hukubali kulipia kifaa kilichotoka Kirinyaga Road, lakini fikira ya fundi hatutaki kuilipia hata senti.

Fundi kijana aliyeitwa kumsaidia mama, kutoka upande wa uwanja wa Unoa, hakugusa boneti. Alichuchumaa mbele ya yule mama kwa adabu, akamuuliza: "Mwaitu, huzima likiwa baridi au likishashika moto? Huzima likisimama steji au likiwa mbioni? Ukilipumzisha, huwaka?" Akajibiwa ya kwamba huzima mlimani, lina mzigo, mchana wa joto, na likipoa kitambo huwaka kana kwamba halikuugua kamwe. Kijana akasema lau lingekuwa linazima kwenye steji tu, angeanza na throto, ule mlango wa hewa, kwa maana injini za 1AZ-FSE zilizokuja na Noah za tangu 2001 hukusanya masizi mahali hapo, na dawa yake aghalabu ni kusafisha wala si kununua.

Kisha akamwomba mama azungushe starta. Injini ikazunguka, ilhali mshale wa kuonyesha mizunguko ulilala kwenye sifuri bila kutikisika. Akachomoa koili moja, akaitia plagi, akaigusisha chuma cha injini: hapana cheche. Ndipo akalowesha kitambaa kwa maji ya kunywa, akajinyoosha chini ya gari, akakikandamiza juu ya sensa ya krenki, kandokando ya puli, akangoja. Na alipoashiria starta izungushwe tena, injini iliitika mara moja.

Kazi ya sensa hiyo ni kuiarifu kompyuta ya gari jinsi krenki inavyozunguka. Ikichakaa, joto huikata kauli, na kompyuta, kwa kukosa habari, husimamisha cheche na mafuta kwa pamoja. Pampu ilinyamaza kwa sababu iliamriwa kunyamaza, na kwa kunyamaza kwake ikahukumiwa.

Lililonighadhibisha kupita yote nililiona pale kijana alipobandua kipande cha utepe mweusi kwenye dashibodi, na chini yake ikatokea taa ya injini, ya manjano, inawaka. Gari liliuzwa likiwa na utepe huo, na mafundi wote walioshika usukani wakauona wakauacha. Mashine ya kusoma misimbo ilipochomekwa ilitoa msimbo P0335, ambao maana yake ni saketi ya sensa ile ile. Mashine kama hiyo, na hili nalisema kwa kuwa nimeiona kwa macho yangu, inaning'inia ukutani kwa fundi aliyeuza pampu.

Wapo watakaosingizia uzee wa magari. Sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini, lakini likishaingia litabeba maembe hata miaka 20 mingine, na uzee wake ndio unaozidisha wajibu wa kuuliza, kwa kuwa waya zimekauka, mipira ya hewa imepasuka, na kila ugonjwa umejifunza kuiga dalili za mwenziwe.

Sensa imekwisha kubadilishwa, na maembe yalifika Wote jioni ile, mengine yameiva kupita kiasi na yakauzwa kwa nusu bei. Jana mama alikwenda kwa yule fundi wa awali kudai pampu yake ya zamani, nzima, isiyo na kasoro, akaambiwa imekwisha kuuzwa kwa mteja mwingine. Bei aliyouzia fundi hakuitaja. Aitaje, na fedha hizo azipeleke kwa mwenyewe kabla ya Jumamosi, siku ambayo nitapita gereji kwake kuuliza.