Kabla Hujamnunulia Mtoto Gari la Rimoti, Soma Betri Yake

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu ya asubuhi, nimekula, miguu iko kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kwa hiyo leo nitaandika kirefu. Najua mtajiuliza, nesi na magari ya rimoti wapi na wapi? Subirini kidogo.

Mwanangu ana miaka sita. Ana magari mawili ya rimoti. La kwanza alinunuliwa na baba yake, la pili aliletewa na baba yake mdogo, yaani shemeji yangu, ambaye naye kila akija anakaa chini kulichezea kuliko mtoto mwenyewe. Magari yote mawili yana betri ya kuchaji ya pakiti, ile yenye waya mbili na plagi ndogo nyeupe mwishoni. Na kila gari lilikuja na waya wake wa kuchajia wa USB. Plagi zinafanana, zinaingiliana, hata rangi ni moja.

Jumapili moja shemeji akachukua betri ya gari jipya akaichomeka kwenye waya wa gari la zamani. Akaiweka juu ya kochi, akaenda kuangalia mpira. Mimi nilikuwa jikoni. Nilichosikia kwanza ni harufu tamu tamu, kama ya rangi ya kucha. Nikatoka nikakuta betri imevimba kama andazi. Nikazima soketi ukutani, nikasubiri, nikaibeba kwa koleo la jiko mpaka uani. Haikuwaka. Kochi lina alama tu. Lakini mtoto alikuwa amelala kwenye kochi hilohilo, miguu yake hatua moja kutoka pale.

Shemeji si mjinga. Ni mtu anayetengeneza redio zake mwenyewe. Kilichomponza ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa zile ni betri za aina mbili tofauti. Na mimi niliyelipamba gari kwa karatasi ya zawadi sikusoma hata neno moja.

SEHEMU YA 2

Ukigeuza pakiti ya betri, pembeni kuna maandishi madogo. Hayo ndiyo tuyasome.

Ukiona Ni-MH, hiyo ni betri ya nikeli. Ndani ina vidude kadhaa vilivyounganishwa, kila kimoja kina volti 1.2. Pakiti ya vidude sita inaandikwa 7.2 V. Ukiona Li-ion au LiPo, hiyo ni lithiamu. Kidude kimoja kina volti 3.7, kwa hiyo pakiti ya viwili inaandikwa 7.4 V. Umeona? 7.2 na 7.4. Mtu yeyote atasema ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Pakiti ya lithiamu ya vidude viwili mwisho wake ni volti 8.4, hapo imejaa na lazima chaja iache. Ukipitisha hapo, ndani inaanza kuharibika, inatoa gesi, inavimba, na inaweza kuwaka. Chaja ya nikeli haijui habari ya 8.4. Pakiti ya nikeli ya vidude sita ikikaribia kujaa hupanda mpaka karibu volti 9 na hiyo ni kawaida yake, kwa hiyo chaja yake inaendelea kusukuma tu. Ndicho kilichotokea kwenye kochi langu.

Sasa msimamo wangu, na najua baadhi ya akina baba hawataupenda. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka kumi, chukueni gari la betri za nikeli. Lithiamu isubiri.

Nawajua watakaosema lithiamu ni nyepesi, ina nguvu, gari linakimbia. Ni kweli kabisa. Wanaoshindana na magari ya rimoti kwa uzito wa kazi wanatumia LiPo, na wako sahihi. Lakini watu wale wana chaja inayosawazisha kila kidude, wana mfuko usioshika moto wa kuchajia, na wanakaa pale pale mpaka betri ijae. Wanajua pia kwamba kidude kikishuka chini ya volti 3 kimeumia, kwa hiyo gari likianza kuchoka wanasimamisha. Mtoto wa miaka sita hasimamishi. Anabonyeza mpaka gari lisimame lenyewe, kisha analipiga ukutani kuona kama litaamka. LiPo nyingi ni mfuko laini, hazina ganda gumu. Ukiupiga, ukiukunja au ukiutoboa, umeanzisha shida ambayo unaweza usiione hadi siku ya kuchaji.

Nikeli nayo si malaika. Ukiichaji kupita kiasi inachemka, na ukiiweka mfukoni pamoja na funguo inaweza kukuunguza paja. Lakini inavumilia makosa ya nyumba ya kawaida, nyumba yenye dada wa kazi, shemeji, umeme unaokatika na kurudi, na mama anayewahi zamu ya usiku. Mimi nanunua vitu kwa ajili ya nyumba hiyo.

(Kuna nyingine ya zamani, Ni-Cd. Bado utaikuta kwenye midoli ya bei rahisi. Ina kadimiamu, ambayo ni sumu kwa figo. Ukiwa na chaguo, iache dukani.)

SEHEMU YA 3

Kama hujanunua bado, ushauri wangu ni rahisi zaidi. Tafuta gari linalotumia betri za kawaida za AA, zile za ukubwa wa saa ya ukutani, halafu nunua betri za AA za kuchaji na chaja yake.

Hesabu ya kwetu ilikuwa hivi. Kabla ya haya magari mawili, mtoto alikuwa na gari dogo linalokula betri nne. Kila wikendi nne zimeisha. Kwa mwezi ni 16, na zote zinaishia kwenye ndoo ya taka. Betri nzuri ya nikeli unaichaji mara mamia. Rimoti yenyewe haili sana, ukiiwekea betri za kawaida zinakaa miezi, usihangaike nayo.

Mtu atakwambia betri ya kuchaji ni dhaifu kwa sababu ni volti 1.2 na ya kawaida ni 1.5. Kwa saa ya ukutani sawa. Kwa gari la mtoto, betri ya kawaida inaanza na 1.5 lakini ikibanwa na mota inashuka haraka, wakati ya nikeli inashikilia kwenye 1.2 karibu mpaka mwisho. Gari litaanza taratibu kidogo na litakwenda muda mrefu. Taratibu kidogo ndani ya sebule yangu sina ugomvi nayo.

Dukani sasa, iwe Kariakoo au duka la mtaani, angalia mambo haya.

Kwanza volti. Iandikwe 1.2 V. Kuna betri za lithiamu zenye umbo lilelile la AA lakini zina volti 3.7. Ukiweka nne za hivyo kwenye gari la mtoto umelipa zaidi ya mara mbili ya umeme lililotengenezewa. Muuzaji anaweza kukupa bila nia mbaya, kwa sababu inaingia.

Pili, namba ya mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. AA ya nikeli ya kweli ni kama 2000, na zile kubwa kabisa hazivuki sana 2800. Ukikutana na AA ya Ni-MH imeandikwa 4000 au 5000, rudisha kwenye sanduku uondoke. Na uipime mkononi. AA ya nikeli ya ukweli inakaribia gramu 30. Ile nyepesi kama kalamu imejazwa hewa na maneno.

Namba kubwa pia si lazima iwe bora kwako. Zile za 2000 zinazouzwa zikiwa zimeshachajiwa kiwandani hukaa na chaji yake miezi mingi kabatini. Nyingi za namba kubwa unazichaji leo, wiki chache baadaye mtoto analia kwamba gari halina nguvu.

Chaja ndiyo watu wanabania hela. Nunua inayoangalia kila betri peke yake na kukata yenyewe ikijaa. Zile za bei ya chini kabisa zinachaji bila kusimama mpaka mtu akumbuke, na nani atakumbuka? Na usichanganye betri mpya na ya zamani kwenye gari moja. Chora alama kwa kalamu ya wino, nne zinazotembea pamoja zitembee pamoja.

SEHEMU YA 4

Wengine mtaniambia, nesi, gari lilishakuja na lithiamu na mtoto ameshalizoea. Sawa. Siwaambii mkalitupe.

Lichajiwe kwa waya wake tu. Lichajiwe mchana, mtu mzima akiwa anaona, juu ya sakafu ya saruji au vigae. Si juu ya kochi, si kitandani, si chini ya pazia. Betri itolewe kwenye gari kwanza kama inatoka. Ikitoka kuchezewa ni ya moto, iache ipoe kabla hujaichomeka. Usiku hakuna kuchaji. Mkitoka nyumbani hakuna kuchaji. Umeme ukikatika, chomoa, usisubiri urudi ukiwa sokoni.

Ikivimba hata kidogo, imekufa. Usiiboboe kutoa hewa, naomba sana, kuna watu wanafanya hivyo. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje, mbali na nyumba, kisha umtafute anayekusanya vifaa vya umeme vilivyoharibika, waulize mafundi simu wa mtaani kwako. Na isiende kwenye lile shimo la uani tunalochomea taka. Betri yoyote ile, si ya lithiamu tu.

Ikianza kutoa moshi usiishike. Toa watoto nje kwanza. Moshi wake ni sumu kwa mapafu.

Na mtoto akiungua, kwa betri au kwa chai, ni maji ya bomba yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, halafu hospitali. Si barafu, si dawa ya meno, si yai, si manyoya ya sungura. Tunatumia muda mrefu kusafisha vile vitu kwenye kidonda, na mtoto anasikia kila mguso.

SEHEMU YA 5

Nimeiacha hii mwisho ili msome yote, lakini kwangu mimi kama nesi ndiyo kubwa.

Fungua rimoti ya gari uangalie inatumia nini. Baadhi ya rimoti ndogo, na midoli mingi inayoimba na kuwaka taa, zinatumia betri ya duara, bapa, inayong'aa kama sarafu. Mtoto wa kutambaa akiiona anaipeleka mdomoni. Ikikwama kwenye njia ya chakula, mate yanakamilisha njia ya umeme, na pale ilipogusa nyama inatengenezwa kemikali kali kama kostiki ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa mbili inaweza kuchoma vibaya. Hata betri ambayo imeshindwa kuendesha rimoti bado inaweza kuchoma. Ile yenye namba 2032, upana wa milimita 20, ni hatari zaidi kwa sababu ni pana ya kutosha kukwama na ina volti 3.

Mtoto anaweza asiseme. Utaona anatokwa udende, anakataa kula, anakohoa, anatapika. Au usione kitu, ila rimoti iko wazi na betri haipo. Hapo hakuna kusubiri itoke na choo. Usimtapishe. Nenda hospitali yenye eksirei, na ukifika mapokezi sema hivi: "Mtoto amemeza betri." Usiseme amemeza kitu. Neno betri linakuvusha foleni.

Kama ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na haijapita saa 12, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Kama asali haipo ndani, usianze kuitafuta dukani, ondoka. Chini ya mwaka mmoja asali hapewi.

Kwa hiyo ukichagua gari, chagua na rimoti yake. Iwe inatumia AA au AAA, na mfuniko wa betri ufungwe kwa skrubu, mtoto asiweze kuufungua kwa kucha.

Kwetu, gari jipya liko juu ya kabati mpaka nipate pakiti ya nikeli inayolifaa. La zamani linaendelea na kazi. Shemeji alikuja Jumamosi iliyopita na chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, sijui alichukua kwa nani. Akakaa chini sebuleni akapaka plagi zote za nikeli, betri na waya wake. Zile za lithiamu akaziacha nyeupe. Mtoto akamuuliza mbona anapaka gari kucha.