Gonja za Kuchoma: Vijana wa Kiume Nao Waingie Jikoni



Wazazi wenzangu na wanafunzi, ukisafiri kutoka Kampala kwenda Jinja, gari likisimama pale Namawojjolo huzungukwa na wauzaji wa nyama, kuku na gonja za kuchoma, yaani ndizi mzuzu. Wengi wao ni vijana wa kiume, na hakuna anayewacheka. Lakini kijana huyo huyo akishika mwiko nyumbani, tunamwambia hiyo ni kazi ya wanawake. Basi kupika kukileta pesa ni kazi ya kiume, kukiwa ni kumsaidia mama ni aibu?

Hiyo ni mila tu. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Sisi je? Ramadhani saa kumi na mbili jioni mama, naye amefunga, yuko peke yake mbele ya sigiri, na vijana wamejilaza mkekani wakingoja adhana.

Mwanao na aanze na gonja, maana hazina ugumu. Achague zilizoiva, ganda la manjano lenye madoa meusi, lakini bado ngumu kidogo. Zilizolainika sana hupondeka. Azimenye, aziweke juu ya mkaa uliotulia usio na ndimi za moto, azigeuze mara kwa mara kwa muda wa dakika 15 hadi 20, mpaka zipate rangi ya kahawia na ndani ziwe laini.

Wakati huo aandae mchuzi. Aloweke ukwaju katika kikombe cha maji ya moto, aukamue na kuuchuja. Akaange kitunguu na tangawizi kwa mafuta kidogo, atie ukwaju, sukari vijiko viwili, chumvi, pilipili, na kijiko kimoja cha karanga za kusaga. Akoroge mpaka uwe mzito. Utamu, uchachu na chumvi vyote vimo, na gharama yake ni ndogo.

Kijana akijua hili, atakapokwenda kusoma mbali hatategemea chapati na mayai ya barabarani kila usiku. Akioa, mkewe atapata msaidizi. Na leo mama yake atapata nafasi ya kukaa, asome Qur'ani kabla ya magharibi.

Wabillahi tawfiq.