Kipimo nacho kipimwe: usalama wa damu ni deni la haki

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, parokia nyingi huwahimiza waamini kujitoa kwa ajili ya akina mama wanaotokwa damu wakati wa kujifungua, watoto wenye selimundu au waliopungukiwa damu kwa sababu ya malaria, na majeruhi wa ajali. Hilo ni tendo la huruma linaloonekana kwa macho. Lakini kati ya mkono wa mchangiaji na mshipa wa mgonjwa kuna kazi nyingine isiyoonekana, nayo ndiyo tunayopenda kuitafakari pamoja nanyi: udhibiti wa ubora wa vipimo vinavyotafuta maambukizi katika damu hiyo.

Dunia imekwisha kulipa gharama kubwa kwa uzembe katika jambo hili. Tarehe 20 Mei 2024, tume ya uchunguzi nchini Uingereza iliyoongozwa na jaji mstaafu Brian Langstaff ilitoa ripoti yake kuhusu watu zaidi ya 30,000 walioambukizwa Virusi vya UKIMWI na homa ya ini, kati ya miaka ya 1970 na 1991, kwa njia ya damu na dawa zilizotengenezwa kutokana na damu. Takribani 3,000 kati yao wamekwisha kufariki dunia. Ripoti ilitamka wazi kwamba maafa hayo hayakuwa ajali: wenye mamlaka walichelewa kuchukua hatua, na baadaye ukweli ukafichwa. Upimaji wa homa ya ini C katika damu ya wachangiaji ulianza nchini humo Septemba 1991, ilhali Japani ulikuwa umeanza mwaka 1989 na Marekani mwaka 1990. Taifa hilo halikukosa fedha wala wataalamu. Lilikosa uadilifu wa kuuliza mapema, na kwa ukweli: je, tuna hakika na kile tunachompa mgonjwa?

Swali hilo linatuhusu nasi. Nchini Tanzania, Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004, na damu inayochangwa hupimwa Virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Ni hatua ya kumshukuru Mungu. Hata hivyo, kuwa na kipimo si sawa na kuwa na majibu ya kweli. Vitendanishi vikihifadhiwa katika joto kwa sababu umeme umekatika, vikipitwa na muda wake, au vijichupa viwili vya sampuli vikibadilishwa lebo, karatasi ya majibu itaandikwa vizuri kabisa, nayo itakuwa inasema uongo.

Ndiyo maana maabara iliyo makini hukipima kipimo chenyewe. Pamoja na sampuli za wachangiaji huwekwa sampuli ambazo majibu yake yanajulikana: moja haina maambukizi, nyingine inayo, na ikiwezekana inayo kwa kiwango kidogo, kwa maana kipimo kilichodhoofika huweza kuona kilicho kikubwa na kupitwa na kilicho kidogo. Sampuli inayojulikana kuwa na maambukizi ikionekana haina, kazi yote ya awamu hiyo hukataliwa, wala hakuna chupa ya damu inayoruhusiwa kutoka. Kila shehena mpya ya vitendanishi hujaribiwa kabla ya kutumika. Damu ambayo haijathibitishwa hukaa mbali na ile iliyoruhusiwa. Tena, maabara hupokea kutoka nje sampuli ambazo haijui majibu yake, ili ipimwe na wengine.

Hapo ndipo dhamiri inapojaribiwa. Sampuli za mtihani zikipewa fundi hodari kuliko wote na kurudiwa mara tatu, wakati za wachangiaji hupimwa mara moja kwa haraka, maabara itafaulu mtihani, na mgonjwa hatapata faida yoyote.

Kishawishi kikubwa zaidi ni cha fedha. Kitendanishi kilichotumiwa kwa sampuli ya udhibiti hakimhudumii mgonjwa yeyote moja kwa moja. Bajeti ikibana, huonekana kuwa upotevu. Katika hospitali ndogo inayopima chupa mbili au tatu kwa siku, gharama hiyo huwa nzito mno, na ndiyo sababu ni busara upimaji ufanyike katika vituo vikubwa vya kanda. Lakini mifumo hiyo nayo huhitaji fedha za kudumu. Msaada wa Marekani kwa huduma ya damu nchini Kenya ulipofikia ukomo mwaka 2019, nchi hiyo ilikumbwa na uhaba mkubwa wa damu. Uhai wa wagonjwa wetu hauwezi kutegemea ukarimu wa wageni peke yake.

Katika Waraka wake Evangelium vitae wa mwaka 1995, Mtakatifu Yohane Paulo II aliusifu utoaji wa viungo, akiweka sharti kwamba ufanyike kwa namna inayokubalika kimaadili. Sharti hilo laifaa damu pia. Msamaria Mwema naye hakuishia kufunga majeraha. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaahidi kurudi na kulipa kilichozidi.

Kwa hiyo, waamini walio katika bodi za hospitali, zikiwemo zile za Kanisa, wana wajibu wa kuuliza kama udhibiti wa ubora una fungu lake katika bajeti, na kama matokeo ya tathmini ya nje husomwa mbele yao. Ndugu wa mgonjwa, hata katika uchungu wa usiku wa manane, wasimshinikize mtaalamu aruke hatua. Na sisi sote tunaochangia tujibu kwa ukweli maswali tunayoulizwa kabla ya kutoa damu. Katika siku za mwanzo za maambukizi hata kipimo bora kabisa kinaweza kisione kitu. Katika siku hizo, ukweli wa mchangiaji ni sehemu ya kinga ya mgonjwa asiyemjua, na aliyesita moyoni anaweza kuondoka bila aibu na kurudi siku nyingine.