Matthew Henry hakuandika hayo, na feloshipu inunue vitabu!

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Hivi nani alituambia kwamba ukipangiwa kuhubiri hapa chuo, unafungua simu, unamtafuta Matthew Henry, unanakili ukurasa, basi umeandaa neno? Sina ugomvi na yule mzee. Alianza kuandika ufafanuzi wake mwaka 1704 huko Uingereza, akafariki 1714, na leo unapatikana bure kwa kuwa ni wa zamani mno. Hiyo bure ndiyo inayotuponza. Tena alipofariki alikuwa amefika Matendo ya Mitume tu! Warumi hadi Ufunuo walimalizia wachungaji wenzake. Kwa hiyo ndugu unayesimama na kutamka "Matthew Henry anasema" halafu unasoma Ufunuo, umepotea kabla hujaanza.

Chukueni Ufunuo 3, kanisa la Laodikia. Muhula huu nimesikia mahubiri mawili juu ya uvuguvugu, yote wimbo mmoja: moto ni mlokole, baridi ni mpagani, na Mungu anaona heri huyo mpagani kuliko wewe. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alitoka pale akaniambia, "Dada, basi bora niache kabisa kuliko kuja nikiwa hivi." Wiki ya tatu sasa hajaonekana.

Sasa tuone komentari za karibuni. Colin Hemer, katika kitabu chake cha 1986 juu ya yale makanisa saba, anaeleza kwamba jirani na Laodikia kulikuwa na Hierapoli yenye chemchemi za maji moto (zipo mpaka leo, Pamukkale, Uturuki), na upande mwingine Kolosai yenye maji baridi. Moto unatibu, baridi inaburudisha, vyote vizuri! Kibaya ni maji yasiyofaa kwa lolote. Mwaka 2014 Craig Koester akaipinga hoja hiyo ya maji ya mji, akasema tuangalie mezani, watu wa zamani walivyokunywa vinywaji vya moto au vilivyopozwa. Wanabishana, sawa, lakini kwa wote wawili baridi si mpagani. Mhubiri aliyesoma hata mmoja wao asingemkatisha tamaa yule binti.

"Lakini Roho ndiye anayefundisha, dada." Amina. Mbona sisi wa ualimu haturuhusiwi kuingia darasani bila andalio la somo? Ukifundisha jiografia kwa ramani ya enzi za Mjerumani mkaguzi atakuelewa?

Sisemi kila kipya ni kizuri. Mwaka 2016 kampuni ya Eerdmans ya Marekani iliondoa sokoni komentari za Peter O'Brien, ikiwemo ile ya Waebrania ya 2010, kwa sababu vyanzo havikutajwa inavyotakiwa. Mimi nikishika kitabu nafungua aya ngumu kwanza. Mwandishi akinipa maoni ya wengine na sababu za kuyakataa, nakaa naye. Akiiruka hiyo aya, narudisha kabatini.

Kwa kuanzia, Africa Bible Commentary ya 2006 iliyohaririwa na Tokunboh Adeyemo wa Nigeria: Waafrika 70, Biblia nzima, kitabu kimoja, na ndani mna makala za uchawi, na za UKIMWI, jambo ambalo mchungaji wa 1704 hakuulizwa. Ukiongeza kitabu cha Craig Keener cha mazingira ya Agano Jipya, toleo la pili la 2014, mhubiri hana kisingizio. Kiingereza? Ndiyo, tunafanyia mitihani Kiingereza hichohicho.

Bei najua. Bumu lenyewe linakata kabla ya wiki mbili. Lakini mwaka huu tumechangishwa spika mbili mpya wakati ya zamani ilikuwa inasikika mpaka bwenini! Kikao ni Jumapili baada ya ibada, na nitauliza mbele ya watu wote kabati letu la vitabu lina nini. Mweka hazina, jiandae.