Bomba la Majitaka na Kisima cha Kunywa: Suala Kutoka Jipe

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Tumeletewa suala na msomaji wetu wa Unguja ambaye jamaa zake wako Upare, upande wa ziwa Jipe, na maji yao ya kunywa ni ya visima. Anasema kila akienda huona nyumba mpya zenye vyoo vya kuvuta, na hofu yake ni siku itakapoamuliwa kuwa bomba la majitaka lipite jirani na visima vile. Anauliza mambo mawili. Wanakijiji wana haki mbele ya dini kulizuia? Na likishapita, maji ya kisima yatabaki twahara?

Pengine mtu wa Makunduchi au Wete atauliza Jipe inamhusu nini. Ziwa lile liko mpakani mwa Tanzania na Kenya, chini ya milima ya Upare wa Kaskazini. Linapokea mto Lumi unaotoka Kilimanjaro, na maji yake hutoka kwa mto Ruvu mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanashuka na mto Pangani hadi baharini, ng'ambo tu ya Unguja. Na njia hiyo ya Pangani wazee wetu waliijua kwa uchungu. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu mjini wakati ule, alifuatilia ugonjwa ulikotoka na kuandika kitabu kilichotoka 1876. Kwa maelezo yake, ulipita nchi ya Wamasai ukafika Pangani kwa misafara ya biashara, na kutoka Pangani ukavuka kwa vyombo. Kwa hiyo tusijione tuko mbali.

Jambo la leo ni hili. Machi 2025 mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulizinduliwa baada ya ujenzi ulioanza 2014 na kukwama kwa miaka. Maji yake yanatoka Nyumba ya Mungu. Ni neema, na aliyewahi kuona akina mama wa Same wakitafuta maji hatoidharau. Lakini maji yakiingia ndani ya nyumba lazima yatoke. Familia iliyokuwa ikitumia ndoo chache kwa siku na choo cha shimo, ikipata bomba hujenga choo cha kuvuta, na kinachotoka kinakuwa kingi mara nyingi zaidi. Shimo linajaa, karo linafurika, mji unaanza kutafuta pa kuyapeleka. Kwa kawaida yanapelekwa bondeni, maana majitaka yanafuata mteremko, na bondeni ndiko viliko visima vya watu wa mashamba ambao bomba la maji safi huenda halijawafikia. Tena kwa Jipe kuna jambo la kutisha zaidi: kitakachoingia ziwani kitapita Ruvu na kuingia katika bwawa lile lile ambalo Same inachotea. Yanasafishwa na kutiwa dawa kabla ya kugawiwa, ndiyo, lakini wa kisimani hana mtambo.

Tuanze na suala la pili, kwa sababu ndilo lenye kuleta makosa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yakifika qullatain, nayo ni lita mia mbili na kidogo, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, harufu au ladha. Kisima huwa na zaidi ya hapo. Basi mtu akija kuuliza, anaambiwa: kama hayakubadilika, ni twahara, endeleeni. Sisi wenyewe tulipokuwa vijana, tumetoka chuoni na vitabu vimetujaa kichwani, tumelijibu hivyo zaidi ya mara moja na tukaona tumemaliza. Jawabu lile ni sahihi kwa udhu. Kwa kunywa halitoshi, na huenda likaua. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havibadilishi rangi wala harufu. Maji yanakuwa meupe kama maji ya madafu na ndani yake mna mauti. Utwahara ni hukumu moja na usalama ni hukumu nyengine. Sumu nyingi ni twahara, na hakuna mwanachuoni aliyehalalisha kuinywa. Qur'ani imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizi (2:195). Kwa hiyo kisima ambacho wataalamu wamekipima na kukuta uchafu wa choo, mtu anaweza kutawadha kwacho ikiwa maji hayakubadilika, lakini ni haramu kuyanywa au kumpa mtoto bila ya kuyachemsha au kuyatia dawa, na anayeyauza huku anajua anakula haramu.

Sasa haki ya kuzuia. Hapa lazima tuwe wakweli, kwani katika vitabu vyetu jambo hili si jepesi kama wengi wanavyodhani. Imam Nawawi ameeleza katika Rawdha kwamba mtu akichimba shimo la majitaka katika milki yake na likaharibu kisima cha jirani, ni makruhu, lakini kwa kauli iliyosahihishwa hazuiwi wala hadhamini. Akataja kuwa al-Qaffal amekhalifu. Wahanafi walifika pengine: Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya ulioanza kutoka 1869, mwaka ule ule wa msiba wetu, katika kifungu cha 1212 unasema madhara yale yaondoshwe, na kama hayaondosheki basi shimo au mfereji ufukiwe.

Sisi tunaona Mshafi hana haja ya kuhama madhehebu ili afike huko. Kauli ya Rawdha inazungumzia mtu na milki yake, kwa desturi ya majirani. Bomba la mji si milki ya mtu. Ni tendo la mwenye mamlaka, na ni kanuni ya Shafi wenyewe kwamba tendo la mtawala juu ya raia limefungwa na maslahi yao. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na ameonya juu ya kujisaidia penye maji ya watu na kukuita ni sababu ya laana. Ikiwa mtu mmoja na haja yake moja ameonywa hivyo, mji mzima je?

Umbali nao umeulizwa. Ipo hadithi kwa Ibn Majah inayompa mchimba kisima eneo la dhiraa 40, kiasi cha mita 18 hadi 20, lakini hiyo ni nafasi ya wanyama kupumzika wakinyweshwa. Haikuwekwa kwa ajili ya vyoo, na tumesikia watu wakiitumia vibaya. Wataalamu wa afya hutaja mita 30 kwa uchache baina ya choo na kisima. Sheria ya mazingira ya Tanzania Bara ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Hata hizo si hirizi. Udongo mzito huchuja. Mawe ya matumbawe kama ya Unguja na Pemba yana mianya, na maji hupita ndani yake kama yanavyopita mferejini. Mita zinazotosha Upare huenda zisitoshe Jambiani.

Na hapa tuseme la ndani. Visima vingi vya wakfu, huku na huko, vimechimbwa ubavuni mwa msikiti, na vyoo vya msikiti viko hatua chache tu. Kibao cha mfadhili kinang'aa, picha imepelekwa, na hakuna aliyepima maji tangu siku ya ufunguzi. Mwenye kusimamia wakfu ana amana. Ayapime maji, na kama choo kiko karibu, akihamishe choo.

Jawabu letu kwa ndugu wa Jipe: haki ya kuzuia mnayo, na wakati wake ni kabla ya mtaro kuchimbwa. Iulizeni serikali ya kijiji katika mkutano mkuu; takeni kuiona tathmini ya athari kwa mazingira; andikeni kwa RUWASA na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na muonyeshe kila kisima kilipo, hata kile cha bibi kizee mmoja. Ombeni bomba lipite upande wa chini wa visima. Kama hapana njia nyengine, maji safi yafike kwanza kwa wenye visima, ndipo majitaka yapite. Kwa wa Unguja na Pemba milango ni ZAWA na ZEMA. Na mpaka hapo, maji ya kunywa yachemshwe.

Wallahu a'lam.